GIF na PNG: ugomvi juu ya hesabu iliyokuwa na mwenyewe

Fungua simu yako mahali picha zinapowekwa, utazame majina ya faili. Picha uliyopiga kwa kamera kwa kawaida jina lake linaishia na JPG. Picha ya kioo cha simu, ile tunayochukua ili kumwonyesha mtu ujumbe au uthibitisho wa pesa zilizotumwa, mara nyingi inaishia na PNG. Na vile vipicha vinavyochezacheza, mtu anapiga makofi au anaanguka na kuinuka bila kuchoka, tunaviita GIF. Herufi hizo tatu tatu hazimsumbui mtu. Lakini kati ya GIF na PNG ulipita ugomvi wa karibu miaka kumi, na shauri lenyewe lilikuwa zito: je, mtu anaweza kumiliki namna ya kuhesabu, akaacha watu wazoee kuitumia dunia nzima, kisha akaja kudai malipo?

Tuanze mwaka wa 1987. Wakati huo nchi yetu ilikuwa ingali inaitwa Zaïre, na kompyuta kwa wengi wetu ilikuwa habari ya kusikia tu. Huko Marekani, katika mji wa Columbus, jimbo la Ohio, kulikuwa na kampuni inayoitwa CompuServe. Kazi yake ilikuwa kuwaunganisha wateja wenye kompyuta nyumbani kwa njia ya waya wa simu, wasome habari, waandikiane, wachukue faili. Mteja alilipa kwa saa. Na modemu za wakati ule, yaani vyombo vya kupitisha kompyuta katika waya wa simu, nyingi zilikwenda kwa biti 1,200 au 2,400 kwa sekunde.

Tupige hesabu ndogo. Picha ya nukta 320 kwa 200, kila nukta ikichukua baiti moja, ni baiti 64,000. Kwa modemu ya 2,400 hiyo ni zaidi ya dakika tatu na nusu kwa picha moja ndogo ambayo leo haiwezi kujaza hata nusu ya kioo cha simu. Kwa modemu ya 1,200 ni mara mbili ya muda huo, na saa ya malipo inakwenda. Sisi tunaonunua mega kidogo kidogo, na kuzitazama zikiisha kabla ya jioni, hatuhitaji kuelezwa sana kwa nini wateja wale walitaka picha ibanwe iwe nyepesi.

Kazi hiyo alipewa Steve Wilhite na wenzake. Tarehe 15 Juni 1987 CompuServe ikatangaza muundo wa GIF. Ulikuwa na sifa mbili zilizofanya watu waupokee haraka. Kwanza, haukufungwa na aina moja ya kompyuta. Siku zile kila mtengenezaji wa kompyuta alikuwa na namna yake ya kuhifadhi picha, na picha ya mashine moja haikusomeka kwenye mashine nyingine. GIF ilisomeka popote palipoandikwa programu ya kuisoma. Pili, CompuServe iliuweka muundo wenyewe hadharani, mtu yeyote auchukue na kuutumia bila kulipa. Mwaka wa 1989 ukaongezewa mambo machache, kama vile kuacha sehemu ya picha bila rangi ili kilicho nyuma kionekane. Hadi leo faili yoyote ya GIF inaanza na herufi sita, ama GIF87a ama GIF89a. Ni kama mwaka wa kuzaliwa ulioandikwa kwenye paji la uso.

Udhaifu wake mkubwa ulikuwa wa rangi. Picha moja ya GIF inabeba rangi 256, basi. Unaweza kuzichagua hizo 256 kutoka katika rangi zaidi ya milioni 16, lakini ukishazichagua hakuna nyingine. Kwa kompyuta za 1987 hilo halikuwa tatizo, maana vioo vingi havikuweza kuonyesha hata hizo 256. Kwa bendera, nembo, ramani au mchoro zinatosha kabisa. Kwa sura ya mtu au anga la ziwa wakati wa jioni hazitoshi: rangi zinakatika vipande vipande, mahali pa kuteleza polepole kutoka manjano kwenda nyekundu unaona mistari.

Sasa tuje kwenye hesabu ya kubana, kwa sababu ndiyo iliyoleta maneno. Kila mtu aliyewahi kushika daftari la ofisini anajua neno «idem». Karani hataki kuandika jina lile lile la mtaa mara hamsini, anaandika idem chini yake, kazi inakwisha. Kompyuta nayo inabana kwa akili hiyo hiyo: isiandike mara ya pili kitu ilichokwisha kuandika. Wataalamu wawili wa Israeli, Abraham Lempel na Jacob Ziv, walitoa njia mbili za kufanya hivyo, moja mwaka wa 1977 na nyingine 1978. Katika ile ya kwanza kompyuta inatazama nyuma na kusema: rudi nafasi arobaini, nakili kumi na mbili. Katika ile ya pili inatengeneza kamusi yake mwenyewe kadiri inavyosoma. Kila mfuatano mpya unapewa namba, na ukitokea tena inaandikwa namba tu.

Mmarekani Terry Welch, akiwa mfanyakazi wa kampuni ya Sperry, aliitengeneza vizuri zaidi ile njia ya kamusi. Akaieleza katika gazeti la wataalamu wa kompyuta mwaka wa 1984, na watu wakaanza kuiita LZW, kwa herufi za majina yao watatu. Ilikuwa rahisi na ya haraka. Wilhite aliichagua iwe moyo wa GIF.

Kile ambacho makala ya Welch haikusema ni kwamba Sperry ilikuwa imekwisha kuomba hataza, yaani ile karatasi ya serikali ambayo kwa Kifaransa tunaita brevet, inayomfanya mvumbuzi awe mwenye mali kwa miaka kadhaa. Ombi lilipelekwa tarehe 20 Juni 1983. Hataza ikatolewa tarehe 10 Desemba 1985, namba 4,558,302. Mwaka wa 1986 Sperry iliungana na kampuni ya Burroughs, zikawa Unisys, na karatasi ile ikahamia huko pamoja na meza na viti. Kwa hiyo GIF ilipozaliwa mwaka mmoja baadaye, ilizaliwa katika kiwanja cha mtu. Mjenzi hakujua. Welch mwenyewe alifariki mwaka wa 1988, kabla ya kuona mahali hesabu yake ilipofika.

Nionavyo mimi, hapa hakuna mwizi. CompuServe ilisoma makala iliyochapishwa hadharani. Unisys nayo ilikuwa na hati halali. Ila kuna jambo moja ambalo watu hawakulisahau: miaka ilipita bila mtu kuguswa. Watu waliandika programu za GIF, wakajaza maktaba za picha, na tovuti zilipoanza kuenea mwanzoni mwa miaka ya 1990 kila kinembo na kila kitufe kilikuwa GIF. Huku kwetu mambo ya viwanja tunayajua vizuri. Mtu akikaa kimya mpaka nyumba imeezekwa na mabati, kisha ndiyo anatoa karatasi, hata kama karatasi ni ya kweli, mtaa mzima utanung'unika.

Mazungumzo kati ya Unisys na CompuServe yalianza mwaka wa 1993, makubaliano yakafikiwa katikati ya 1994. Umma ukatangaziwa siku za mwisho za Desemba 1994, kati ya Krismasi na Mwaka Mpya, wakati ofisi nyingi zimefungwa. Tangazo lilisema kwamba wanaotengeneza na kuuza programu za kusoma au kuandika GIF watapaswa kulipia ruhusa. Mtazamaji wa kawaida hakudaiwa kitu. Lakini wengi wa walioandika programu hizo walikuwa watu wa kujitolea, au wanaouza kidogo kidogo, na ghafla wakajiona ni wadaiwa.

Hasira zilikuwa nyingi. Na hapa ndipo habari inapokuwa nzuri, maana mara nyingi hasira za namna hiyo zinaishia kwenye maneno. Tarehe 4 Januari 1995, wiki moja tu baada ya tangazo, Thomas Boutell aliweka mbele ya wenzake, katika ukumbi wa mazungumzo ya picha za kompyuta, pendekezo la muundo mpya. Alikuwa ameuita PBF. Wenzake wakauchukua, wakauchambua, wakaubishia. Ndani ya wiki moja sehemu kubwa ya mambo yanayoifanya PNG iwe PNG yalikuwa yamekwisha kupendekezwa: rangi kamili badala ya 256, namba za ukaguzi za kugundua faili iliyoharibika, na hesabu nyingine ya kubana. Jina lenyewe PNG lilitoka kwa Mjerumani Oliver Fromme. Herufi zake zinasimama kwa maneno ya heshima, lakini wenyewe walipenda kutania kwamba maana yake ni «PING siyo GIF».

Hawakuwa na kampuni, hawakuwa na bosi wala mshahara wa kazi hiyo. Wengi walikuwa hawajaonana uso kwa uso. Walibishana kwa barua za kompyuta, wakapiga kura pale waliposhindwa kuelewana, na tarehe 7 Machi 1995 mswada wa tisa ukafungwa usibadilishwe tena kwa mambo makubwa. Miezi miwili na siku chache. CompuServe yenyewe, ambayo ilikuwa imeanza kupanga GIF mpya ya rangi nyingi, mwezi wa Februari iliacha mpango huo na kusimama upande wa PNG.

Kwa hesabu ya kubana walirudi kwenye ile njia ya kwanza ya Lempel na Ziv, ya kutazama nyuma. Phil Katz alikuwa ameitengenezea umbo zuri katika programu yake ya kufunga faili za ZIP, na umbo hilo, linaloitwa Deflate, liliweza kuandikwa na mtu yeyote bila kudaiwa. Jean-loup Gailly na Mark Adler waliandika maktaba ya programu ya kufanya kazi hiyo, zlib, wakaigawa bure.

Wakaongeza hila nyingine, ambayo mimi naiona kuwa ndiyo yenye akili kuliko zote. Kabla ya kubana, PNG inapita kila mstari wa picha na kuuliza: je, ni afadhali niandike rangi yenyewe, au niandike tofauti yake na jirani? Jirani anaweza kuwa wa kushoto, wa juu, wastani wa wote wawili, au yule anayekadiriwa kwa kutazama na wa pembeni pia. Anga la buluu linalokolea polepole lina rangi nyingi tofauti, lakini tofauti kati ya nukta na nukta inayofuata ni ile ile: moja, moja, moja, sifuri, moja. Karani wetu sasa ana kitu cha kuandikia idem. Ndiyo maana picha zenye rangi zisizozidi 256 kwa kawaida PNG inazibana kuliko GIF, ingawa vipicha vidogo sana wakati mwingine GIF inashinda, kwa kuwa PNG ina maelezo mengi ya kubeba mwanzoni.

Tofauti nyingine ni ya uwazi. Katika GIF nukta ama ina rangi ama haipo, hakuna katikati. Ukikata sura ya mtu na kuiweka juu ya rangi nyingine, pembeni inakuwa na meno kama msumeno. PNG inaweza kuipa kila nukta kiwango cha kuonekana, kutoka sifuri hadi 255. Kivuli kikawa kivuli. Kila bango la matangazo tunalolipokea kwenye makundi ya simu, la harusi, la misa ya shukrani, la mgombea, yule mtu aliyekatwa kutoka picha yake ya zamani na kuwekwa juu ya maua, mara nyingi alipita katika PNG kabla hajafika hapo.

Na ukaguzi. Faili ya PNG inaanza na baiti nane: 137, 80, 78, 71, 13, 10, 26, 10. Namba ya kwanza imechaguliwa makusudi iwe kubwa kuliko herufi za kawaida, ili njia inayokata biti ya nane igundulike mara moja. Tatu zinazofuata ni herufi P, N, G. Kisha zinakuja alama za mwisho wa mstari, kwa sababu programu nyingi za kupitisha faili zilikuwa na tabia ya kuzibadilisha bila kuulizwa na kuharibu picha. Namba 26 iliizuia mashine ya DOS isiendelee kumwaga uchafu kwenye kioo iwapo mtu ataifungua faili kama maandishi. Walioandika baiti hizi nane walikuwa watu waliowahi kupoteza faili njiani.

Guy Eric Schalnat aliandika libpng, maktaba ambayo programu nyingine zingeweza kuitumia bila kuanza upya, na tarehe 1 Oktoba 1996 shirika la W3C, linalosimamia kanuni za tovuti, likaipitisha PNG rasmi. Oktoba 1996: sisi wa Kivu tunaukumbuka mwezi huo kwa mambo mengine kabisa.

Ungedhani GIF iliishia hapo. Haikuishia. Sababu ya kwanza ni kwamba vivinjari vilichelewa. Internet Explorer na Netscape zilianza kusoma PNG mwaka wa 1997, lakini Internet Explorer, iliyokuwa mikononi mwa watu wengi kuliko zote, haikuuelewa vizuri uwazi wa PNG mpaka toleo la 7, Oktoba 2006. Mwenye tovuti aliweka nembo nzuri isiyo na rangi nyuma, wateja wake wakaona sanduku la kijivu. Kwa hiyo wengi walibaki na GIF, meno ya msumeno na yote.

Sababu ya pili ni ule mchezo wa picha zinazotembea. GIF tangu mwanzo iliweza kubeba picha kadhaa ndani ya faili moja. Netscape 2.0 iliongeza amri ndogo ya kurudia mfululizo bila kukoma, na hadi leo neno NETSCAPE2.0 limo ndani ya GIF nyingi zinazocheza, ingawa kivinjari chenyewe kimekwisha kufa. Watengenezaji wa PNG waliliacha jambo hilo kwa makusudi; waliona picha ni picha na mfululizo ni kitu kingine, wakaunda muundo wa pili unaoitwa MNG. Ulikuwa mzito na mgumu, na haukupata watu. Kwa maoni yangu hapo walikosea. Walishinda katika kila jambo la maana, wakaacha wazi mlango wa jambo la kuchekesha, na GIF ikapita hapo hapo.

Unisys nayo haikutulia. Mwaka wa 1999 ilieleza kwamba hata mwenye tovuti anayeonyesha GIF zilizotengenezwa kwa programu isiyo na ruhusa anaweza kutakiwa kulipa, na kiasi kilichotajwa ni dola 5,000. Hapo moto ukawaka upya. Tarehe 5 Novemba 1999 wanaharakati wa uhuru wa programu waliitangaza kuwa siku ya kuchoma GIF zote, wakiwaita wenye tovuti kuziondoa na kuweka PNG. Mradi wa GNU kwa miaka mingi ulikataa kabisa kuweka GIF kwenye kurasa zake na ukaandika sababu.

Kisha saa ikafika yenyewe. Tarehe 20 Juni 2003 hataza ilimalizika huko Marekani, miaka 20 tangu kuombwa. Mwaka uliofuata zikamalizika zile za Ulaya, Japani na Canada. Hesabu ya Welch haina mwenyewe tena. GIF ikawa huru kama PNG, na ugomvi ukakosa chakula.

Picha zisizotembea zilihamia PNG polepole. Mwanzoni mwa 2013 waliohesabu tovuti waliona PNG imeipita GIF. GIF ilibaki na mchezo wake. Mwaka huo huo wa 2013 Steve Wilhite alipewa tuzo ya Webby, akaitumia nafasi hiyo kuwaambia watu kwamba jina la mtoto wake linatamkwa «jif», siyo kwa G ngumu. Wengi hawakumsikiliza. Alifariki Machi 2022. Kwa kweli vingi vya vipicha tunavyotumiana leo na kuviita GIF ni vipande vya video ndani yake, kwa sababu video inabana mwendo vizuri zaidi; jina tu ndilo limebaki.

Mtu atauliza, na JPG ya kamera? Hiyo haikuwa sehemu ya ugomvi huu. Inapunguza uzito kwa kutupa baadhi ya mambo ambayo jicho haliyaoni sana, na kwa sura za watu na milima inafanya kazi nzuri kuliko zote mbili. Lakini kila ikihifadhiwa upya inatupa tena. Cheti au barua iliyohifadhiwa kwa JPG mara tano tano herufi zake zinaota ukungu pembeni. Ya PNG, ukiituma kama faili na siyo kama picha ya kawaida ya mazungumzo, inafika nukta kwa nukta kama ilivyoondoka.

Mwaka wa 2004 wafanyakazi wawili wa Mozilla, Stuart Parmenter na Vladimir Vukićević, walipendekeza PNG ichezeshwe kwa njia nyepesi, wakaiita APNG. Kundi la PNG lilipiga kura na kuikataa mwaka wa 2007. Firefox ikaiweka hata hivyo, mwaka uliofuata, na vivinjari vingine vikafuata mmoja baada ya mwingine. Mwezi wa Juni 2025 W3C ilipitisha toleo la tatu la PNG, na APNG imo ndani.